Mzigo wa Mlimani Hufungwa Nyumbani



Juma hili nimepokea barua ya mama mmoja akaaye Kilwa, ile Kilwa yetu ya ukingo wa ziwa Mweru, itazamanayo na Nchelenge ya Zambia, wala si Kilwa ya pwani ya Tanzania. Mumewe ni askari. Amepewa likizo ya siku kumi katika mwezi wa saba, naye amewaahidi wanawe wawili, mmoja wa miaka kumi na minne na mwingine wa miaka kumi na mmoja, kwamba atawapandisha mlima wa Kundelungu na kulala nao huko juu. Mama huyo anaandika hivi:

"Dada mpendwa, mimi nasema baridi ya kipupwe itaniulia watoto. Baba yao anacheka. Anasema baridi iuayo ni ile ya Ulaya penye theluji, na kwamba yeye amelala porini miaka kumi na mitano bila kufa. Tumegombana hata majirani wamesikia. Tafadhali utuamue, kwa kuwa sote wawili twausoma ukurasa wako."

Nashukuru kwa heshima hiyo, ingawa kuamua kesi ya nyumba ya watu si kazi nyepesi. Kwa kuwa najua jamaa nyingi za askari na polisi hupata likizo katika miezi hii, na watoto nao hufunga shule, nimeona afadhali nijibu hapa hadharani ili wengi wafaidike.

Majira ya kutembea

Kwanza nimpe baba haki yake. Majira aliyoyachagua ni mazuri. Katika nchi yetu ya Katanga, na ng'ambo ya ziwa katika jimbo la Luapula, mvua huanza kiasi cha mwezi wa kumi na moja na kukoma katika mwezi wa nne. Wakati huo barabara ya udongo mwekundu itokayo Lubumbashi, ikapita Kasenga na kufika Kilwa, yapata kilomita 350, huwa ni tope tupu, na malori hukwama siku baada ya siku. Mito hujaa, majani hurefuka kupita kimo cha mtu, na njia ya miguu haionekani. Lakini tangu mwezi wa tano hadi wa nane ardhi hukauka, mbu hupungua, vijito huvukika, na mtu huona aendako. Haya ndiyo majira ya kipupwe, ambayo jirani zetu wa Nchelenge na Kashikishi huyaita mpepo. Aliye na miguu na apendaye kuiona nchi yake, huu ndio wakati wake.

Sasa nimpe mama haki yake. Sisi tukaao ziwani hudanganywa na ziwa. Maji mengi kama yale hulihifadhi joto la mchana na kulitoa usiku polepole, kama mafiga yaliyopata moto tangu asubuhi. Kwa hiyo mkazi wa Kilwa au wa Nchelenge hulala na blanketi moja, akaamka na kusema kwamba kipupwe si kitu. Kisha huchukua kipimo hicho cha nyumbani akaenda nacho mlimani, na hapo ndipo akosapo.

Ziwa Mweru liko kiasi cha mita 917 juu ya usawa wa bahari. Uwanda wa juu wa Kundelungu unafika mita 1,700 hivi. Tofauti yake ni karibu mita 800. Kwa kila mita 100 apandazo mtu, hewa hupoa kwa nusu digrii na zaidi kidogo, hata afikapo juu amekwisha poteza digrii nne au tano. Tena huko juu hakuna ziwa la kumpasha joto. Kuna uwanda wa majani mafupi, usio na miti mingi ya kuzuia upepo, na upepo wa kusini-mashariki huvuma humo pasipo kipingamizi. Hata Lubumbashi, ambayo iko chini ya uwanda huo, usiku wa mwezi wa sita na wa saba hushuka chini ya digrii 10. Umande wa alfajiri huko juu hulowesha viatu na suruali hata magotini kana kwamba mtu amevuka mto.

Yafaa pia tujue kwamba baridi haihitaji theluji ili iue. Mtu aliyelowa maji, akapigwa na upepo, akakosa chakula, aweza kufa kwa baridi ya digrii 10. Na mtoto hupoa upesi kuliko mtu mzima. Mama yeyote amekwisha liona jambo hili jikoni mwake: chai iliyomo kikombeni hupoa mapema, na ile iliyomo katika birika hudumu na moto wake. Mwili mdogo ni kikombe. Mwili wa askari wa miaka arobaini ni birika. Kwa hiyo miaka kumi na mitano ya baba porini ni ushahidi juu ya baba peke yake.

Jambo lililonipata mimi

Nisidhaniwe kuwa nasema yaliyomo vitabuni tu. Miaka kumi na miwili iliyopita, kabla sijaingia katika utumishi wa ofisi, nilikuwa mwalimu mchanga mwenye cheti kipya cha ualimu na majivuno yasiyopungua. Nilichukua wanafunzi kumi na wanne kuwapeleka kwenye mteremko wa Kundelungu kwa somo la jiografia. Ilikuwa mwezi wa saba.

Tulipanga kuondoka saa moja asubuhi. Gari lilichelewa, nasi tukaanza kupanda saa tano. Mzee mmoja wa kijiji kilicho chini ya mlima, aliyekubali kutuongoza, alinishauri: "Mwalimu, leo tulale hapa, tupande kesho mapema." Nilikataa. Nilikuwa nimewaandikia wazazi siku ya kurudi, na niliona haya kubadili neno langu.

Miongoni mwa watoto alikuwamo mmoja wa miaka kumi na mitatu ambaye mfuko wake ulikuwa mkubwa kuliko wa wenziwe wote. Tangu asubuhi walimcheka, wakamwita mhamiaji. Nakiri kwamba na mimi nilicheka.

Alasiri tulivuka kijito. Mtoto yule akateleza, akaanguka majini hadi kifuani. Nilimtoa, nikamkamua shati, nikamwambia atembee upesi, atakauka njiani. Hilo lilikuwa kosa langu la pili, na lilikuwa kubwa kuliko lile la saa. Jua lilikuwa limekwisha lala upande wa magharibi, upepo ulikuwa umeanza kukaza, na shati la pamba likishalowa halikauki mwilini mwa mtu; hunyonya joto lake tu.

Tulifika ukingo wa juu giza likiingia. Mtoto alikuwa akitetemeka sana, meno yakigongana. Nikawaagiza wenziwe wakusanye kuni. Baada ya muda nikamtazama tena, nikaona ametulia, hatetemeki. Moyo wangu ukapoa. Nikasema, alhamdulillahi, amepata joto.

Yule mzee hakufurahi. Alimsogelea, akaingiza mkono chini ya shati na kumgusa tumbo. Akamwuliza jina lake, na mtoto akajibu kwa ulimi mzito kama wa mlevi, akamwita mzee kwa jina la dada yake. Mzee akanigeukia akasema, "Mwalimu, mtoto huyu anaondoka."

Tukamvua nguo zote mbichi. Tukafungua ule mfuko uliochekwa. Ndani yake mlikuwamo sweta la sufu, suruali kavu, soksi, kitenge na pakiti ya sukari, vyote vimefungwa ndani ya mifuko miwili ya plastiki, mmoja juu ya mwingine, fundo limekazwa hata ilitubidi tulikate kwa kisu. Hapakuwa na tone la maji lililopenya. Tukamvika. Mzee akatupeleka nyuma ya jabali lililozuia upepo, akakata majani makavu mengi na kuyatandika chini. Tukamlaza katikati ya wavulana wawili, tukawafunika wote watatu kwa mablanketi yetu. Alipoweza kumeza vizuri tukampa maji ya moto yenye sukari, kidogo kidogo.

Baada ya muda mrefu, ambao sitaki kuukumbuka, mtoto alianza kutetemeka tena. Mimi niliogopa. Mzee akacheka kwa mara ya kwanza tangu jioni, akasema, "Sasa amerudi."

Tuliporudi nilikwenda nyumbani kwa mama yake, nikamweleza yote bila kuficha: saa tuliyochelewa, ushauri niliokataa, kijito na shati. Alinisikiliza hata mwisho. Kisha akaniuliza neno moja tu: "Na sukari, ilitosha?"

Tangu siku hiyo nimeshika kwamba safari ya mlimani huokolewa na yule aliyeufunga mzigo nyumbani, hata kama hakupanda mlima wenyewe.

Dalili ambazo kila mmoja yampasa azijue

Mwili wa mtu mzima wa afya una joto la digrii 37 hivi. Likishuka chini ya 35, mwili huanza kushindwa. Yafuatayo ndiyo ya kuangalia, nayo huja kwa mfuatano:

Kwanza, mtu hutetemeka na vidole vyake hushindwa kazi ndogo, kama kufunga kifungo. Wakati huu bado ni rahisi kumsaidia.

Pili, hujikwaa pasipo na kizuizi, hubaki nyuma ya wenziwe, hukasirika au hunyamaza pasipo sababu, na maneno yake huwa mazito.

Tatu, huacha kutetemeka ilhali angali baridi, husinzia, husema yu mzima na ataka kulala tu. Hii ndiyo hatari yenyewe, nayo hufanana na nafuu. Usidanganyike kama nilivyodanganyika mimi.

Dawa yake mmeisikia katika kisa changu: kumwondoa penye upepo, kumvua kilicholowa, kumvika kikavu, kumtenga na ardhi kwa majani au mkeka, kumpasha kwa miili ya wenziwe, na kumpa kinywaji chenye moto na sukari iwapo aweza kumeza. Asisuguliwe mikono na miguu, wala asisogezwe karibu sana na moto, maana ngozi iliyokufa ganzi huungua bila mwenyewe kujua. Akiwa katika dalili ya tatu abebwe kwa utaratibu, apelekwe kwenye kituo cha afya hata kama ameonekana kupona.

Mbabula na lutuku

Mambo mawili huwa twayategemea wakati wa baridi, na yote mawili ni maadui.

La kwanza ni mbabula ya makala. Kila kipupwe zipo nyumba ambamo watu huingiza mbabula chumbani, wakafunga mlango na dirisha ili joto lisitoke, wasiamke tena. Makala yanayowaka hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu huumwa kichwa, hulegea, hulala, akafa usingizini. Neno hili lahusu nyumba za kambini sawasawa na hema la mlimani. Hema ni chumba kidogo kuliko vyote, kwa hiyo hatari yake ni kubwa kuliko zote. Mbabula na ibaki nje. Atakaye joto la kulalia na atie maji ya moto katika chupa ngumu yenye kifuniko kizuri, aizungushie kitambaa, ailaze miguuni.

La pili ni lutuku, ambayo wenzetu wa Zambia huiita kachasu. Mnywaji huona joto usoni na kifuani, akasema pombe yamlinda. Kweli yake ni kinyume: pombe hupanua mishipa ya ngozi, damu yenye moto ikaja nje na kupoteza joto lake hewani, huku tumbo likibaki baridi. Tena huondoa kutetemeka na busara kwa pamoja. Baba aongozaye watoto mlimani asionje hata kidogo mpaka amerudi nyumbani.

Mzigo wenyewe

Mama aliyeniandikia na achukue kalamu. Kwa kila mtoto:

(a) Seti moja kamili ya nguo kavu, yaani sweta, suruali, soksi na fulana, ndani ya mifuko miwili ya plastiki iliyofungwa kila mmoja peke yake. Seti hii haivaliwi mchana kwa sababu yoyote. Ni ya usiku, au ya siku ya ajali. Akiba haiozi.

(b) Sweta na liwe la sufu, si la pamba. Katika mitumba ya Kashikishi, iitwayo salaula, na katika masoko yetu pia, sweta za sufu hupatikana kwa bei nafuu kwa sababu watu wa ziwani hawazitaki. Sufu hupasha joto hata ikiwa na unyevu.

(c) Kofia ya kufunika masikio, na koti jepesi lisilopenyeka upepo. Hata mfuko mkubwa wa plastiki uliotobolewa tundu za kichwa na mikono wafaa kuliko kukosa.

(d) Blanketi mbili, na mkeka au gunia la kutandika. Baridi itokayo ardhini hushinda ile itokayo angani, kwa hiyo kilicho chini ya mgongo kisipungue kilicho juu yake.

(e) Chakula kisichohitaji jiko: karanga za kukaanga, viazi vitamu vilivyochemshwa, sukari, na chisense wakavu, wale samaki wadogo wa ziwa letu, ambao ni wepesi kubeba na wana nguvu nyingi. Bukari ni jema jioni penye moto, lakini njiani mtoto ale kidogo kila baada ya saa moja, asingoje njaa.

(f) Maji yasiyopungua lita mbili kwa kila mtu kwa siku. Katika majira haya vijito vingine vya mlimani hukauka, na kile ulichokiona mwaka jana huenda mwaka huu ni mchanga.

(g) Tochi yenye betri mpya, kiberiti ndani ya kichupa kikavu, kisu, na filimbi. Sauti ya mtoto aliyechoka haifiki mbali, filimbi hufika.

Saa, ruhusa na moto wa nyika

Katika mwezi wa saba jua letu hutua karibu na saa kumi na mbili jioni, na giza huingia upesi. Kanuni yangu ni hii: kuanza kupanda si zaidi ya saa moja asubuhi, na ifikapo saa tisa alasiri kila mtu awe amefika mahali pa kulala, au amekwisha geuka kurudi. Mlima hauhami. Atakayerudi leo ataupanda mwaka kesho.

Watokao Nchelenge kuja huku na wakumbuke hati zao za kuvukia mpaka. Saa za Zambia na za Katanga ni moja, basi hakuna kisingizio cha kuchelewa. Na kwa kuwa ziwa nalo huchafuka upepo ukikaza, na upana wake unakaribia kilomita 50, afadhali kuvuka alfajiri kama wafanyavyo wavuvi.

Sehemu kubwa ya uwanda wa juu imo katika Hifadhi ya Taifa ya Kundelungu, iliyoundwa mwaka 1970. Humo mtu haingii kama aingiavyo shambani mwake. Yapasa aombe ruhusa kwa wakuu wa hifadhi, alipe kiingilio, aandikishe jina lake na apewe mlinzi wa kumwongoza. Askari naye, hata awe na cheo gani, akiwa likizoni ni mgeni kama wageni wengine. Aulize pia kwa wakuu wa eneo habari za usalama wa njia kabla ya kufunga safari. Atakaloambiwa na alifuate.

Wengi wanaokwenda Kundelungu huenda kuona maporomoko ya Lofoi, ambayo maji yake huanguka zaidi ya mita 300 kwa mruko mmoja, na ni miongoni mwa marefu kabisa katika Afrika. Juu ya hayo nina neno la kweli ambalo huenda likamkatisha tamaa baba. Barabara inapopitika vizuri, maji ya Lofoi huwa yamepungua sana. Na maji yanapokuwa mengi, barabara huwa haipitiki. Atakaye vyote viwili na aende katika mwezi wa tano au mwanzoni mwa wa sita, mvua ikiisha na ardhi ikikauka. Katika mwezi wa saba na aende kwa ajili ya uwanda wenyewe na mandhari yake, asiwaahidi watoto ngurumo ya maji wasiyoikuta. Tena maporomoko hayo yako upande wa magharibi wa mlima, unaotazama Lufira, si upande wetu wa ziwani. Ni safari nyingine kabisa.

Kipupwe pia ndicho kipindi cha moto wa nyika. Ukiona moshi, tazama upepo waelekea wapi. Usikimbie kupanda juu, kwa kuwa moto hupanda mteremko upesi kuliko mtu. Nenda ubavuni, au tafuta mahali palipokwisha ungua, usimame hapo. Na moto wako mwenyewe wa kupikia uuzungushie ardhi tupu, uuzime kwa maji na mchanga kabla hujauacha.

Askari na mlima

Nisiwavunje moyo askari wetu, maana wenzao wameandika historia mlimani. Usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, Luteni Alexander Nyirenda wa jeshi la Tanganyika alisimika bendera ya uhuru na mwenge juu ya kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895. Mwaka 1963, Desemba 12, Kisoi Munyao alipandisha bendera ya Kenya huru juu ya mlima Kenya. Kwenye milima hiyo mirefu kuna adui wa ziada: kuanzia kiasi cha mita 2,500 hewa huwa nyembamba, na mtu aweza kuumwa kichwa, kutapika na kuyumba. Dawa ya kweli ya ugonjwa huo ni kushuka. Kundelungu haifiki kimo hicho, kwa hiyo ni mwalimu mzuri wa kuanzia.

Lakini kisa nikipendacho zaidi ni cha mateka wa vita watatu wa Kitaliano, waliotoroka kambi ya Nanyuki mwanzoni mwa mwaka 1943, wakiongozwa na Felice Benuzzi, kwa kusudi la kuupanda mlima Kenya. Kwa miezi mingi walijinyima posho yao wakaweka akiba ya chakula. Walitengeneza vyuma vya kukanyagia barafu kutokana na vyuma chakavu, na kamba kutokana na katani ya vitanda vyao. Mmoja akaugua, wawili wakafika Lenana, mita 4,985, kisha wote watatu wakarudi wenyewe kambini wakafungwe. Watu hawa hawakuwa na duka wala fedha. Walikuwa na subira ya kujiandaa. Ikiwa mfungwa aweza kujiandaa hivyo, mwenye nyumba na mke na soko atasema nini?

Uamuzi wangu

Basi, mama na baba wa Kilwa, nawaamua hivi. Watoto na waende. Kuwanyima kuiona nchi yao kwa sababu ya hofu ni kuwafanya wageni kwao. Lakini baba atapanga njia na saa, na mama atapanga mzigo, wala mmoja asivunje neno la mwenzake. Baba asitoe sweta mfukoni kwa kusema mzigo ni mzito. Mama asiongeze siku ya hofu wakati safari imekwisha fungwa.

Kabla ya kuondoka, baba aandike karatasi na kuiacha mezani: njia watakayopita, jina la kijiji na la kiongozi wao, siku na saa ya kurudi, na jina la mtu wa kupewa habari iwapo saa hiyo imepita. Afanyavyo kazini aendapo doria, na afanye vivyo hivyo kwa wanawe. Karatasi hiyo ndiyo itakayompa mama usingizi, na ikiwa kuna jambo, ndiyo itakayowaongoza watafutaji.

Wakirudi salama, nawaomba watoto waniandikie waliyoyaona. Na yule mdogo wa miaka kumi na mmoja aniambie kama sukari ilitosha.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kuanika chisense bila kuingia mchanga, jambo ambalo akina mama watatu wa Nchelenge wameniuliza.

Wasalaam.